Kabla ya Kujenga Kandokando ya Msitu: Ardhi, Maji, Mwanga na Usalama wa Makazi Mapya

Katika vijiji vinavyopakana na misitu ya Usambara, baadhi ya kaya huamua kujenga makazi katika mashamba yaliyo mbali na barabara, nguzo za umeme na mabomba ya maji. Wapo wanaofuata shamba la urithi, wapo wanaonunua kipande cha ardhi kwa bei nafuu, na wapo wanaorejea kijijini baada ya kustaafu. Uamuzi huo una manufaa yake, ilimradi kila hatua ifuatwe kwa mpangilio. Kosa la mwanzo katika suala la ardhi halirekebishwi na ubora wa jengo: nyumba nzuri iliyojengwa pasipostahili huweza kubomolewa sawa na kibanda, na akiba ya miaka mingi ikapotea kwa siku moja.

Ardhi kwanza

Misitu haiko katika hadhi moja. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inatambua hifadhi za Taifa, ambazo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hifadhi za serikali za mitaa, hifadhi za misitu ya vijiji na misitu ya watu binafsi. Kujenga ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa, hata kama eneo lenyewe halina miti tena au limewahi kulimwa kwa miaka mingi. Kipande cha ardhi kilicho wazi pembeni ya msitu hakipaswi kuchukuliwa kuwa ni shamba mpaka mipaka ithibitishwe.

Kwa upande wa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaelekeza kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa hiyo karatasi ya mauziano yenye muhuri wa kiongozi mmoja haitoshi. Mnunuzi anashauriwa kufuata mpangilio huu kabla ya kutoa fedha:

1. Kufika kwa Mtendaji wa Kijiji na kuuliza kama kipo mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kama eneo husika limetengwa kwa makazi, kilimo, malisho au hifadhi.
2. Kutembea mpaka wote kwa miguu akiwa na muuzaji, majirani wa pande zote, kamati ya kijiji inayohusika na mazingira, na Afisa Misitu pale eneo linapopakana na hifadhi.
3. Kuhakikisha kwamba ridhaa ya kijiji imeandikwa katika muhtasari wa kikao, na kupata nakala yake.
4. Kuomba hati ya hakimiliki ya kimila baada ya taratibu hizo kukamilika. Kwa wanandoa, ni vema majina yote mawili yaandikwe katika hati, ili mmoja akifariki, aliyebaki asisumbuliwe.

Mahali pa kusimamisha nyumba

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa na vyanzo vingine vya maji vilivyotajwa humo. Anayependa kujenga karibu na kijito ili asichote maji mbali anapaswa kupima umbali huo kwa kamba kabla ya kuchimba msingi.

Katika miteremko ya Usambara, maporomoko ya udongo wakati wa masika ni hatari inayofahamika. Mahali ambapo miti imeinamia upande mmoja, ardhi ina nyufa, au chemchemi huibuka mvua ikizidi, hapafai kwa nyumba. Vilevile nyumba isimame mbali na miti mirefu, kwa umbali unaozidi urefu wa mti wenyewe, ili mti ukianguka usifike paani.

Baadhi ya miti, kama vile mvule, mninga na mpingo, imehifadhiwa kisheria na haikatwi bila kibali, hata ikiwa imeota shambani. Kabla ya kuangusha mti wowote wa asili, mkazi amwone Afisa Misitu.

Kwa upande wa kuta, tofali za kuchoma hula kuni nyingi. Tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo hazihitaji moto, na zikiwa za kufungamana hupunguza pia saruji ya kuunganishia. Msingi wa mawe ulioinuliwa juu ya ardhi, pamoja na paa lenye upenu mpana, hulinda kuta dhidi ya unyevu na kurahisisha kuona njia za mchwa mapema.

Maji ya paa

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la bati lenye mita za mraba 60, mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 60,000. Baada ya kuondoa yanayomwagika na kupotea, takriban lita 48,000 zinaweza kukingwa.

Ukubwa wa tangi hupangwa kwa urefu wa kiangazi. Kaya ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, inahitaji lita 100 kila siku. Siku 100 bila mvua ya kutosha zinadai lita 10,000. Kaya isiyo na uwezo wa kununua tangi kubwa mara moja inaweza kuanza na dogo na kuongeza jingine baadaye, mradi mifereji ya paa iwe imekamilika tangu mwanzo.

Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na vinyesi vya ndege paani. Yaelekezwe nje ya tangi. Tangi lifunikwe vizuri ili mbu wasizaliane, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Choo cha shimo kichimbwe angalau mita 30 kutoka kisima au chanzo cha maji, upande wa chini wa mteremko.

Mwanga wa jua

Kabla ya kununua mitambo ya sola, mkazi aulize katika ofisi ya kata kama kitongoji chake kimo katika mpango wa kupelekewa umeme vijijini. Kama umeme uko karibu kufika, mtambo mdogo wa taa na simu unatosha.

Hesabu ya mahitaji ni rahisi. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 100. Redio ya wati 5 kwa saa 6 hutumia 30, na simu mbili takriban 20. Jumla ni wati-saa 150 kwa siku. Paneli ya wati 100 inayopata jua kamili kwa saa 4 huzalisha wati-saa 400, lakini baada ya upotevu hubaki kama 280. Kiasi hicho kinatosheleza mahitaji hayo na kuacha akiba. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, ila betri ya asidi hudumu zaidi ikitumika nusu tu ya uwezo wake. Nusu hiyo, wati-saa 600, huiwezesha kaya kuvuka siku tatu hadi nne za ukungu, hali ya kawaida milimani kati ya Juni na Agosti.

Paneli ielekezwe kaskazini, kwa kuwa Tanzania iko kusini mwa ikweta, na iinamishwe kidogo ili mvua iioshe. Kivuli cha tawi moja juu ya sehemu ya paneli kinaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa.

Moto, moshi na wanyama

Jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi hupunguza matumizi ya kuni na huwakinga mama na watoto dhidi ya maradhi ya kifua. Eneo linalozunguka nyumba lisafishwe majani makavu, hasa kabla ya kiangazi, na moto wa kuandaa shamba usiwashwe bila kuuarifu uongozi wa kijiji. Nafaka zihifadhiwe katika vyombo vilivyofungwa, kwani panya huvuta nyoka. Ngedere na nguruwe pori wakiharibu mazao, taarifa itolewe kijijini. Kuwaua wanyamapori bila kibali ni kosa.

Siku ya kuhamia

Inashauriwa familia isihamie yote kabla ya choo, tangi na jiko kukamilika. Siku ya kwanza, mkuu wa kaya ajitambulishe kwa Mwenyekiti wa Kitongoji ili kaya iandikwe katika daftari la wakazi. Kaya isiyoandikwa huweza kusahaulika pale zinapogawiwa huduma kama chanjo, vyandarua au taarifa za maafa. Pia njia ya kwenda zahanati ipitiwe mchana na ikumbukwe: mjamzito au mtoto mwenye homa usiku hataweza kungoja wenyeji waitafute. Simu iliyochajiwa na mahali panapopatikana mtandao pajulikane na kila mtu mzima wa nyumba.

Kwa ushauri zaidi kuhusu mipaka, vibali vya miti na hati, wakazi wafike kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtendaji wa Kata, ambao watawaelekeza kwa Afisa Misitu na Afisa Ardhi. Wafike kabla ya kununua ardhi, na kabla ya jiwe la kwanza la msingi kuwekwa.