Kihariri Kizito, Kipakatalishi Kikongwe

Kijana wa Kamukuywa anayetaka kujifunza kuprogramu hana haja ya kuhamia Nairobi. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko papo hapo katika kaunti ya Bungoma, na akipanda matatu ya Kitale atafika Kitale National Polytechnic. Anachokosa mara nyingi ni mashine ya maana. Kipakatalishi anachomudu ni kile kilichokwisha kutumika ng'ambo kwa miaka, chenye memori ya GB 4 na betri isiyoshika chaji. Kisha anaingia darasani, na jambo la kwanza analoambiwa ni apakue kihariri kikubwa (programu ya kuandikia msimbo) chenye kila kitu ndani yake.

Je, apakue? Swali hili linaonekana dogo, lakini nimeona linavyoamua nani ataendelea na nani atakata tamaa kabla muhula haujaisha.

Msimbo wa programu ni maandishi ya kawaida tu. Hata Notepad inatosha kuuandika. Kihariri kamili kama Android Studio, IntelliJ IDEA au Visual Studio Code iliyojazwa viendelezi (programu ndogo za nyongeza) hufanya mengi zaidi. Hupiga mstari mwekundu chini ya kosa kabla hujaendesha programu, hukukamilishia majina unapoyaanza, na hubadilisha jina moja katika faili zote kwa mkupuo. (Majina yenyewe yanaweza kuwa ya Kiswahili. Ukikiita kigeu jumla au salio, kihariri kitakukamilishia vilevile, na ningependa kuona walimu wakilihimiza hilo.)

Lakini faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kile chombo cha kusakia hitilafu. Chukua mfano wa programu ya ushirika wa maziwa. Wakulima wanaleta maziwa asubuhi, karani anaingiza lita, na mwisho wa mwezi malipo yanapungua bila mtu kujua sababu. Ndani ya msimbo kuna mstari unaogeuza lita 7.5 kuwa namba kamili, kwa hiyo mkulima analipwa lita 7. Mwenye kihariri kamili anaweka alama kwenye mstari anaoushuku, programu inasimama hapo hapo, naye anaona kwa macho yake 7.5 ikiingia na 7 ikitoka. Asiye nacho atapachika amri za kuchapisha thamani hapa na pale, akikisia. Hitilafu ataipata, ila huenda baada ya siku nzima. Msimbo ukifikia maelfu ya mistari, kukataa msaada wa namna hii ni kujitesa.

Gharama yake ndiyo mzigo. Google wenyewe wanasema Android Studio inahitaji memori isiyopungua GB 8, na GB 16 ukitaka kuendesha pia simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Kwenye mashine ya GB 4, kuifungua tu ni kazi. Kila mradi mpya unaweza kupakua mamia ya megabaiti za maktaba za msimbo kabla hujaandika neno moja, na bando inakatika katikati. Visual Studio Code, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2015, ni nafuu zaidi, lakini kila kiendelezi unachoongeza kinadai sehemu yake. Viendelezi hivyo huandikwa na watu wengi usiowajua, na vingine vimewahi kugunduliwa kuwa na nia mbaya.

Kuna hasara nyingine isiyopimwa kwa gigabaiti. Mwanafunzi aliyezoea kubofya kitufe cha kijani cha kuendesha programu anaweza kumaliza mwaka bila kujua kwamba faili yake ya Java lazima ipitie kwanza kwenye kompaila, programu inayotafsiri msimbo ili uweze kuendeshwa. Mpe dirisha jeusi la amri, umwambie aandike javac na jina la faili, naye atakutazama tu. Kwenye mtihani wa karatasi hakuna mstari mwekundu wala pendekezo. Siku hizi mapendekezo yanaandikwa na akili unde, aya nzima kwa mara moja, na anayeanza hana jinsi ya kujua lini amepewa upuuzi.

Upande wa pili kuna vihariri vyepesi, na kimojawapo kina historia inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Vim kilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, kikifuata nyayo za vi cha Bill Joy cha mwaka 1976. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda kusini mwa Uganda, akafanya kazi kwa mwaka mmoja kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, katika eneo ambalo Ukimwi ulikuwa umeacha mayatima wengi. Aliporudi kwao alianzisha shirika la ICCF Holland kuwachangia watoto hao. Vim kikabaki cha bure, na kwa miaka mingi wengi waliokifungua, wawe Tokyo au California, walikutana na ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Namheshimu sana mtu huyo, na naona ni haki kila mwanafunzi wa kompyuta katika ukanda huu alijue jina lake.

Vim kinaendeshwa vizuri na kompyuta kongwe kabisa. Huandika faili ya akiba unapoendelea na kazi, kwa hiyo stima ikipotea ghafla unaweza kurejesha sehemu kubwa ya ulichokuwa unaandika. Kwa mwenye betri mbovu, hilo ni jambo kubwa. Lakini amri zake ni ngumu mwanzoni, na wengi hushindwa hata kutoka ndani yake. Kwa anayetumia Windows, Notepad++ ni rahisi zaidi na kupakua kwake hakumalizi bando.

Wala ukamilifu haukulazimika kuwa mzito. Turbo Pascal ya Borland, ya mwaka 1983, iliweka kihariri na kompaila ndani ya faili isiyofika kilobaiti 40. Uzito wa leo umetokana na waundaji wanaofikiria mashine za maofisi yao.

Msimamo wangu ni huu: anayeanza aanze na kihariri chepesi na dirisha la amri hadi aweze kuandika, kukompaili na kuendesha programu ndogo bila kushikwa mkono. Baada ya hapo ahamie kwenye kihariri kamili bila kusita, kwa sababu kazi ya kulipwa itamdai hivyo. Walimu wa vyuo vyetu, pangeni muhula wa kwanza kwa mpango huo. Nanyi wahisani na viongozi mnaogawa kompyuta huku kwetu, ulizeni kwanza memori. Kuongeza kadi ya memori (RAM) kwenye mashine iliyopo mara nyingi ni rahisi kuliko kununua mashine mpya, na kwa atakayetengeneza programu za Android, msimkabidhi kompyuta iliyo chini ya GB 8.