Baba Krismasi Huwa Wapi Mwezi wa Julai?

Sisi wa Mwambao ambao sikukuu zetu ni Idi mbili, Baba Krismasi twamjua kwa macho tu. Ni yule mzee mnene wa ndevu za pamba na koti jekundu, ambaye kila Disemba husimamishwa mlangoni mwa maduka makubwa ya Mombasa, kaskazi imeshika, jasho lamtiririka hadi kwenye mabuti. Watoto humpa mkono, yeye huwapa peremende, na ifikapo tarehe 26 hapana anayejua alikoelekea. Je, miezi ile ambayo Ulaya ni ya joto, Juni hata Agosti, bwana huyu huwa wapi na hufanya nini?

Wazungu wenyewe wana majibu, na mengine yachekesha. Asili yake ni Nikolao, askofu wa mji wa Myra katika karne ya 4, nchi ambayo leo ni Uturuki. Yaani alikuwa mtu wa pwani na jua kama sisi. Mabaharia waliichukua mifupa yake hadi Bari, Italia, mwaka 1087. Theluji na kigari kisicho magurudumu alivishwa baadaye sana, huko Marekani, kwa shairi lililotoka gazetini mwaka 1823 na kwa michoro ya Thomas Nast iliyoanza 1863. Siku hizi makao yake yatajwa kuwa Rovaniemi, kaskazini mwa Finland, ambako hupokea wageni mwaka mzima, hata Juni ambapo jua huko halichwi. Kadhalika, tangu mwaka 1957 wale wafanyao kazi ya kuwa Baba Krismasi wana mkutano wao wa Julai pale Bakken, karibu na Copenhagen. Hushauriana, huandamana, kisha huenda ufuoni kutia miguu baharini.

Mimi swali hili nililichukua hadi Maseno, na nina sababu. Maseno ni mji mdogo, yapata kilomita 25 kutoka Kisumu kwa barabara ya Busia, mpakani mwa Wajaluo na Wanyore, na mstari wa ikweta umepita papo hapo. Mtu akipenda huweka mguu mmoja kaskazini ya dunia na mmoja kusini. Kwa hesabu ya vitabu, mwezi wa Julai mguu wa kaskazini uko katika joto na wa kusini katika baridi. Niliijaribu. Miguu yote miwili ilikuwa na tope lile lile.

Huko hakuna joto wala baridi ya kuhesabia mwaka. Wajaluo wana chwiri, mvua ya masika, wana opon, mvua ya vuli, na baina yake ukavu waitao oro. Krismasi nayo si ngeni, kwani wamisionari wa Kianglikana walifika Maseno mwaka 1906 na kuanzisha shule mwaka huo huo, ile aliyosoma Jaramogi Oginga Odinga. Lakini mzee wa ndevu nyeupe hakupata makao. Nilipouliza ni nani basi aletaye zawadi, mwenyeji wangu alishangaa kuulizwa. Ni mtu wa basi, akasema.

Mwenyeji wangu huyo alikuwa kuli wa bandari ya Kilindini kwa zaidi ya miaka ishirini, na Kiswahili chake ni cha Changamwe hadi leo. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa basi. Kila Disemba nauli hupanda, na watu wa Nairobi na Mombasa hurudi kwao wamebeba magodoro, mikate, sukari na mafuta ya kupikia. Watoto husimama kando ya barabara wakitazama kila basi linaloteremsha. Hapana hata mmoja atazamaye juu angani.

Nikamuuliza Julai alikuwa akifanya nini. Julai, akasema, ndiyo kazi yenyewe. Kusi ilikuwa ikivuma, manyunyu yakipiga gati, na yeye begani ana gunia. Usiku alilala chumba kimoja na wenzake watatu. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati, na humo ndimo Krismasi ilimokuwa ikikusanywa tangu katikati ya mwaka, leso moja ya Mtaa wa Biashara mwezi huu, shati la mtoto mwezi ujao. Ujira wenyewe haukuja kwa hisani. Alisimuliwa na waliomtangulia habari za mgomo wa makuli wa mwaka 1955, ambapo Tom Mboya aliwasemea wakapata nyongeza ya asilimia 33. Alilitaja jambo hilo kama mtu anayetaja chanzo cha mto.

Kuna Disemba mbili hakwenda kwao. Sanduku lilikuwa tupu, mara ya kwanza kwa ugonjwa, ya pili hakunieleza nami sikumchimba. Nauli ilikuwapo, lakini mtu hashuki kwenye basi mikono mitupu mbele ya watoto. Alibaki Changamwe, akawaambia wa nyumbani kwamba kazi imemzuia. Jirani yake wa chumba cha pili, mama wa Kiislamu, alimletea sahani ya pilau bila ya kuuliza neno. Sikudhani kwamba mambo haya ya bara yangenigusa hivyo, lakini kwetu pia wako wanaokosa kuonekana sikukuu kwa kukosa mkono wa Idi, na twajifanya hatujui. Tofauti ni kwamba Idi yetu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, ikazunguka majira yote kwa miaka 33, hivi kwamba mtoaji wetu akutwa wakati wa kusi na wakati wa kaskazi vile vile. Hana msimu wa kupumzika.

Wala wa Maseno hanao tena. Zamani bahasha ilipewa dereva wa basi, au pesa zikapitia posta. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, Krismasi inaweza kuja Jumanne yoyote, na inaitwa.

Mwanawe mkubwa yuko Qatar, mlinzi wa majengo. Huko Julai joto hupita digrii 40, hata sheria imekataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa u nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Huyo basi ndiye niliyekuwa nikimtafuta, mtoaji wa zawadi katika kiangazi cha kweli kweli. Hajaonekana nyumbani kwa Krismasi tatu.

Tulipokuwa tukinywa chai simu ya mzee ililia. Alivaa miwani, akaisoma, kisha akanipa nimhakikishie tarakimu, kwani muhula wa tatu wa shule ulikuwa unakaribia na mjukuu alikuwa na deni la karo. Zilitosha karo, na mia tatu zaidi. Akasimama, akachukua bakora yake, akaenda dukani kununua sukari.