"Tell" si "Ambia" Kila Mahali

Siku hizi kila "tell" ya Kiingereza ikionekana hugeuzwa "ambia" papo hapo. Mara nyingi hupatana. "Ambia" limezaliwa na "amba", kitenzi cha kale kinachoishi bado katika tenzi zetu na katika ndimi za Lamu, nacho ndicho kilichotuachia "kwamba" na "ambaye". Halisimami bila mwambiwa. "Tell" nalo hutaka atajwe mtu. Asipotajwa, Mwingereza hurudi kwenye "say", yaani sema, isipokuwa kwa kisa, kweli na uongo.

Lakini shahidi akieleza kortini kwamba gizani hakuweza "to tell" aliyempiga ni nani, mkalimani afanyeje? Akitia "sikuweza kusema ni nani", watu watadhani shahidi amjua mtu huyo na amficha. Kumbe maskini asema hakumtambua! Tafsiri ya haraka namna hii yaweza kumvunjia mtu haki yake, na mwenyewe asijue ilivunjikia wapi.

Tena hapo kale neno hili lilikuwa pia kuhesabu. Ndiyo maana mhesabu fedha wa benki huitwa "teller", na Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, kuhesabu kwao ni "zählen". Mkatoliki wa Kiingereza akivuta rozari, yasemwa "tells" shanga zake. Nasi baada ya sala twaleta Subhana Llah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33: ulimi wataja, kidole chahesabu.