Moyo Ukichoka, Tufanyeje?

Kule Misisi, katika nchi ya Fizi, watu huishi kwa nguvu za mwili: kuchimba dhahabu, kulima, kubeba mizigo. Mtu wa namna hiyo akianza kuhema kwa kupanda kilima kidogo, miguu ikamvimba, na usiku asipate usingizi ila ameketi, majirani hunong'ona kwamba amelogwa. Nao wakiwa bado wanamtafuta mchawi, siku za kumsaidia zinapita bure.

Mara nyingi dalili hizo ni za moyo ulioshindwa na kazi yake. Moyo ni pampu ya nyama, ukubwa wake kama ngumi, nao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Ukipungukiwa nguvu hausimami, lakini damu haisukumwi vema, na maji hujikusanya mapafuni na miguuni.

Sababu ni nyingi. Yako maradhi ya damu kupanda, yanayouchosha moyo kimya kimya kwa miaka. Wako akina mama wanaopatwa katika mwezi wa mwisho wa mimba, au katika miezi mitano baada ya kujifungua. Baadhi yao hupona kabisa wakitibiwa mapema. Tena kuna maumivu ya koo ya watoto. Namna moja yake, isipotibiwa, huweza kuleta homa ya viungo, na homa hiyo huharibu vali, yaani milango midogo ya moyo. Penisilini ikitolewa kwa wakati huzuia balaa hiyo. Mtoto aliyekwisha kuugua homa hiyo hudungwa sindano kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi.

Kwa moyo uliochoka ziko dawa za kutoa maji kwa njia ya mkojo, na nyingine za kuupunguzia mzigo. Mgonjwa apunguze chumvi, na makayabu ayaache. Wala asitupe dawa kwa kuwa uvimbe umepungua! Vali zilizoharibika huweza kutengenezwa kwa upasuaji, kama ufanywavyo ng'ambo ya ziwa, Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyofunguliwa mwaka 2015.

Je, moyo wenyewe waweza kubadilishwa? Naam. Tarehe 3 Desemba 1967, huko Cape Town, daktari Christiaan Barnard alimtia Louis Washkansky moyo wa msichana aliyekufa kwa ajali ya motokaa. Aliishi siku 18, akafa kwa nimonia, kwa sababu dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimempunguzia kinga. Siku hizi dawa ni bora, na wengi huishi zaidi ya miaka 10. Lakini lazima apatikane marehemu wa kutoa moyo, upandikizwe katika muda wa saa 4 hivi, na mgonjwa ameze dawa kila siku maisha yake yote. Ndiyo tiba ya mwisho, nayo huwafikia wachache.

Basi, enyi wazazi, tusingoje ya mbali. Koo likimwuma mtoto pamoja na homa, apelekwe kwa muuguzi. Miguu ikivimba na pumzi ikipungua, twende hospitali leo, wala tusimshitaki jirani.