Klorokwini Ilivyoshindwa, Kisha Ikaamka Ng'ambo ya Ziwa Nyasa

Mtu wa Songea aliyevuka miaka arobaini anaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake mdomoni na kwa jinsi ilivyomwasha mwili usiku kucha. Ilikuwa dawa rahisi, na kwa miongo kadhaa ilitibu malaria kweli. Kisha ikaacha kutibu. Mwaka 2001 Tanzania iliweka dawa ya SP mahali pake. Mwishoni mwa 2006 SP nayo ikaipisha dawa ya mseto, ALu, tunayoitumia hadi leo.

Kidonge hakikubadilika. Aliyebadilika ni mdudu wa malaria, yaani kimelea chake.

Katika damu ya mgonjwa mmoja vimelea huweza kufika mabilioni, na kila kimoja kinapozaliana hunakili jeni zake. Mara chache hunakili vibaya. Makosa mengi hayana faida yoyote, na mengine hukiua kimelea chenyewe. Lakini mabadiliko fulani madogo yalikipa kimelea uwezo wa kuitoa klorokwini mahali inapofanyia kazi, kabla haijakidhuru. Mgonjwa akimeza dawa, wenzake wanakufa, chenyewe kinabaki na nafasi yote, kama ndago inavyobaki na shamba baada ya jembe kumaliza magugu mepesi. Mbu anayefuata anabeba hicho kilichobaki. Usugu huo ulionekana kwanza Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, ukabainika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970.

Linalonivutia zaidi lilitokea kwa jirani zetu. Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, iliacha klorokwini mwaka 1993, miaka minane kabla yetu. Watafiti wakaendelea kupima damu za wagonjwa. Vimelea vyenye jeni sugu, vilivyokuwa takriban 85 kati ya kila 100 mwaka 1992, vilishuka hadi 13 mwaka 2000. Ndipo wakajaribu tena dawa yenyewe, kwa uangalizi, kwa watoto wenye malaria mjini Blantyre. Walipona karibu wote. Matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Inaelekea usugu una gharama zake: dawa ikiwepo, kimelea sugu kinatamba, ikiondoka, kinazidiwa na vile vya kawaida vilivyokuwa vimebaki vichache. Baadaye hali kama hiyo ilionekana Tanzania pia.

Tusishangilie kupita kiasi. Hiyo si ruhusa ya kutafuta klorokwini ya zamani, kwa sababu ikirudi kwa wingi peke yake, usugu utarudi nayo. Tena si kila usugu huondoka. Ule wa SP umeng'ang'ania, ingawa siku hizi SP imebaki hasa kwa kuwakinga wajawazito kliniki.

Kwa nini haya yatuhusu sasa? Kwa sababu katika Rwanda, Uganda na mkoa wetu wa Kagera vimeonekana vimelea vinavyochelewa kufa mbele ya artemisinini, mojawapo ya dawa mbili zinazounda mseto. Mseto bado unaponya, maana dawa ya pili humalizia kazi. Lakini mama wa Lizaboni, mjini Songea, ana sehemu yake katika jambo hili. Mtoto akipata homa, apimwe kwanza, kwani si kila homa ni malaria. Akikutwa nayo, dozi ni mara sita kwa siku tatu, hata kama siku ya pili ameshaanza kukimbizana na wenzake. Vidonge vya kugawana na mdogo wake, au vya kuweka akiba kwa homa ijayo, humwacha mgonjwa bila kupona na kuvipa vimelea sugu nafasi. Muuzaji naye ana sehemu yake: Maduka ya Dawa Muhimu yalianzia mkoani Ruvuma, mwaka 2003. Mwuza dawa wa duka hilo, aliyepata mafunzo, hapaswi kuuza nusu dozi, na mteja asimwombe.

Kanuni hiyohiyo iko kwenye mahindi. Kiwavijeshi vamizi aliripotiwa Afrika mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017, na baadhi yao walikuja tayari wamezoea sumu za zamani. Mkulima wa Namtumbo au Madaba anayepulizia sumu ya aina moja msimu baada ya msimu anachagua viwavi sugu bila kujua. Kubadilisha chupa hakutoshi, kwa kuwa majina mawili ya biashara yanaweza kuwa sumu ileile; asome kiambato kwenye lebo, amuulize bwana shamba, na akague shamba mapema kabla kiwavi hajazama kwenye moyo wa mhindi.

Upimaji uliogundua mabadiliko ya Malawi unaendelea pia hapa nchini. Tone la damu ya kidole hukaushwa kwenye karatasi, likapelekwa maabara kusomwa jeni za vimelea. Mzazi akiombwa ridhaa kituoni, aulize maswali yake yote, kisha aamue akijua kwamba matone hayo hulisaidia taifa kuamua dawa ipi ibaki na ipi iondoke.