Muziki Ndani ya Lori

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome kwanza polepole, kisha wanafunzi walisome wenyewe kwa sauti.)

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu, na mwalimu wenu aandike ubaoni maneno manne: kompyuta, volti, fyuzi, memori kadi. Maneno hayo tutayatumia sana leo.

Wengi wenu ni madereva, au mnao ndugu wanaofanya kazi hiyo. Lori likitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, mpakani mwa Zambia, dereva na utingo wake hukaa ndani saa nyingi, na muziki huwachangamsha. Leo nitawaeleza jinsi kompyuta ndogo inavyofungwa ndani ya lori ikawa chombo cha muziki. Lakini shikeni jambo moja tangu sasa: katika kazi hii muziki ni rahisi, umeme ndio mgumu. Mtu anayejua muziki tu, asijue umeme, anaweza kuliunguza lori la tajiri wake.

Hamu ya kusikia muziki garini si jambo jipya. Mwaka 1930 kampuni moja ya Chicago, Marekani, ilianza kuuza redio ya motokaa iliyoitwa Motorola. Mwaka 1956 magari ya Chrysler yaliwekewa hata mashine ya santuri, ingawa haikudumu. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilitoa kanda ndogo za kaseti. Mwaka 1999 kampuni ya Empeg ya Uingereza ilianza kuuza kompyuta ya muziki iliyotengenezwa kwa ajili ya gari. Kisha mwaka 2012 ikatokea, huko huko Uingereza, kompyuta iitwayo Raspberry Pi. Si kubwa kuliko kiganja cha mkono, na bei yake ni ndogo kuliko ya kompyuta za mezani. Hiyo ndiyo tutakayoizungumza.

Je, kompyuta huwekaje muziki? Huuweka kwa hesabu. Sauti hupimwa mara nyingi sana, mara 44,100 kwa kila sekunde moja, na kila kipimo huandikwa kama namba. Namba hizo hupunguzwa kwa ufundi uitwao MP3 ili zichukue nafasi ndogo. Wimbo wa dakika 4 huweza kuchukua kama megabaiti 4. Memori kadi ya gigabaiti 32, ambayo si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, yaweza kubeba nyimbo zipatazo 7,000 na nafasi ikabaki kwa programu ya kuendesha kompyuta. Linganisheni na santuri za zamani za inchi 10, ambazo upande mmoja ulitosha dakika 3 tu. Tena memori kadi haina kitu kinachozunguka ndani yake, kwa hiyo mashimo ya barabarani hayairushi kama sindano ya santuri.

Sasa tufike kwenye umeme. Volti ni nguvu inayosukuma umeme, kama vile urefu wa tangi unavyosukuma maji kwenye bomba. Lori kubwa huwa na betri mbili za volti 12, zimeungwa kwa kufuatana, jumla volti 24. Injini ikiwaka, mashine ya kuchaji huipandisha hadi karibu volti 28. Kompyuta yetu inataka volti 5 tu. Ukiiunga moja kwa moja kwenye betri, itakufa papo hapo.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kununua, kabla ya kompyuta yenyewe, ni kipunguza volti. Kinunuliwe kile kilichotengenezwa kwa magari ya volti 24, si cha gari dogo la volti 12. Kwa nini? Kwa sababu umeme wa lori hautulii. Stata ikizunguka, volti hushuka ghafla. Na waya wa betri ukichomoka wakati injini inanguruma, umeme wa mashine ya kuchaji hukosa pa kwenda, na kwa kufumba na kufumbua waweza kupita volti 100. Kipunguza volti kizuri kina kinga ya mambo hayo.

Wako watu wanaosema, "Mimi nitachukua volti 12 kutoka betri moja tu, niiachie ile ya pili." Msifanye hivyo. Betri moja itakuwa inachoka kila siku, na nyingine itachajiwa kupita kiasi. Mwisho wake zote mbili huharibika.

Chombo cha pili ni fyuzi. Tufanye hesabu pamoja. Volti 5 mara ampea 3 ni wati 15. Wati 15 gawanya kwa volti 24 ni kama ampea 0.6. Basi fyuzi ya ampea 2 yatosha kwa kompyuta. Fyuzi hiyo iwekwe karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya. Ikiwekwa mbali, ule waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Ukichubuka na kugusa chuma cha lori, utawaka moto, na moto huo utaanzia penye mafuta na nyaya nyingine. Fyuzi ikikatika, tafuteni kwanza sababu. Msiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya mahali pake. Fyuzi hufa ili lori lipone. Ukiizuia isife, litakufa lori.

Kompyuta peke yake haina nguvu ya kuliza spika kubwa. Inahitaji amplifaya, nayo ipewe waya wake na fyuzi yake. Mkisikia mlio unaopanda na kushuka kwa kufuata injini, mara nyingi sababu ni nyaya za hasi zilizofungwa mahali mbalimbali pa bodi. Zifungeni zote mahali pamoja, penye chuma kisicho na rangi wala kutu.

Jambo jingine ni kuzima. Kompyuta haipendi kukatiwa umeme ghafla. Ikiwa ilikuwa inaandika kwenye kadi, yaweza kuiharibu, na kesho haitawaka. Mfundisheni dereva kubonyeza kitufe cha kuzima na kungoja kidogo kabla ya kuzungusha ufunguo. Au wekeni kipunguza volti cha aina inayongoja dakika moja au mbili baada ya ufunguo kufungwa. Waweza pia kuipanga programu ili kadi isomwe tu, isiandikwe.

Na je, mtu akisahau kuizima kabisa? Tuseme inakula wati 6. Wati 6 gawanya kwa volti 24 ni ampea 0.25. Kwa siku moja ya saa 24 itakula ampea-saa 6. Lori likingoja mpakani siku 10, ni ampea-saa 60. Ikiwa betri zenu ni za ampea-saa 150, zaidi ya theluthi moja imekwisha, tena bila kuhesabu amplifaya. Betri zilizochoka huenda zisiwashe injini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Lori linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akitazama kioo cha kompyuta kwa sekunde 2 kutafuta wimbo, amekwenda mita 44 bila kuona njia. Ndani ya mita 44 yaweza kuwamo baiskeli, ng'ombe, au mtoto wa shule. Kwa hiyo wekeni vitufe vikubwa vitatu vya kupapasa kwa kidole: mbele, nyuma, na kunyamaza. Kuchagua nyimbo kufanywe na utingo, au lori likiwa limesimama. Sauti nayo isizidi kiasi, dereva asikie honi na injini yake.

Basi, ndugu zangu, anayetaka kuifanya kazi hii aanze kwa fyuzi, aende kwenye kipunguza volti, ndipo aifikie kompyuta. Na kabla ya kugusa nyaya, afungue kwanza waya wa hasi wa betri, injini ikiwa imezimwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini fyuzi huwekwa karibu na betri?
2. Kuna ubaya gani kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili?
3. Amplifaya inakula wati 48 katika lori la volti 24. Ni ampea ngapi?
4. Lori likienda kilometa 40 kwa saa, litapita mita ngapi kwa sekunde 2?

Andikeni majibu yenu kwa wino, msomeane. Kwaherini.