Mcheza Kwao Hutuzwa: Maana za "Kwao" na "Bora" katika Mabishano ya Mashabiki wa Raga ya Majimbo Nchini Australia

Utangulizi

Wanafunzi wetu wamezoea kuifafanua methali "Mcheza kwao hutuzwa" kwa maneno machache: kwamba mtu atendaye jambo mbele ya watu wake hupata sifa na zawadi. Ufafanuzi huo si makosa, lakini hautoshi. Hautuambii kwao ni wapi, wala kwa nini methali haikusema kwake. Hautuambii ni nani atuzaye, wala atuza kwa kipimo gani. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maswali hayo kwa kutumia mfano ulio mbali na ngoma za pwani yetu, nao ni mashindano ya raga baina ya majimbo mawili ya Australia, Queensland na New South Wales, pamoja na nishani anayopewa mchezaji bora wa mashindano hayo.

Mwaka 2018 mwandishi wa makala haya alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili mjini Brisbane, akiishi nyumba moja na mashabiki wa pande zote mbili. Mabishano aliyoyasikia humo hayakuwa data ya utafiti, wala hayatolewi hapa kama data. Yalikuwa mazungumzo ya jikoni na ya garini. Hata hivyo, mwandishi alipokuwa akijaribu kuwaeleza wenzake wa nyumbani kwa barua yale yaliyokuwa yakibishaniwa, aligundua kwamba Kiswahili kilimlazimisha kupambanua mambo ambayo wabishani wenyewe walikuwa wakiyachanganya. Ugunduzi huo mdogo ndio chanzo cha makala haya.

Mchezo na mashindano yake

Raga tuijuayo zaidi nchini Kenya ni ile ya wachezaji kumi na watano, na ile ya wachezaji saba iliyotupatia ushindi wa Singapore mwaka 2016. Ipo raga nyingine. Mwaka 1895, katika mji wa Huddersfield, vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilijitenga na chama kikuu kwa sababu ya malipo. Wachezaji wengi wa huko walikuwa vibarua wa migodini na viwandani, nao walitaka kufidiwa ujira walioupoteza kila walipoacha kazi kwenda kucheza. Kutokana na mtengano huo ulikua mchezo wa wachezaji kumi na watatu, ambamo timu yenye mpira hupewa nafasi sita za kukamatwa, na ikishindwa kufunga huuachilia mpira kwa wapinzani. Ligi ya Sydney ya mchezo huo ilianza mwaka 1908, na tangu hapo raga hii imekuwa mchezo wa watu wa kawaida katika majimbo hayo mawili.

Kwa miaka mingi timu ya jimbo iliundwa na wachezaji wa vilabu vilivyomo katika jimbo hilo. Utaratibu huo uliidhoofisha Queensland. New South Wales iliruhusu mashine za kamari katika vilabu vyake mwaka 1956, na vilabu vya Sydney vikapata fedha ambazo vile vya Brisbane havikuwa nazo. Vijana hodari wa Queensland wakahamia Sydney, na mechi za majimbo zilipofika wakawa wanaichezea New South Wales dhidi ya ndugu zao.

Tarehe 8 Julai 1980, katika uwanja wa Lang Park mjini Brisbane, utaratibu mwingine ulijaribiwa. Kila mchezaji alichezea jimbo la asili yake, bila kujali klabu iliyomlipa mshahara. Nahodha wa Queensland alikuwa Arthur Beetson, mzaliwa wa mji mdogo wa Roma, mwenye umri wa miaka 35. Alikuwa amecheza miaka mingi katika vilabu vya Sydney na hata kuiwakilisha New South Wales, lakini Queensland hakuwa ameichezea kamwe. Queensland ilishinda kwa pointi 20 kwa 10. Kuanzia mwaka 1982 mashindano hayo yamekuwa mfululizo wa mechi tatu kila mwaka.

Kwake na kwao

Tutazame sasa jinsi Kiswahili kinavyolieleza badiliko hilo. Kabla ya mwaka 1980 mchezaji alichezea jimbo la kwake. Tangu mwaka huo amechezea jimbo la kwao. Maneno haya yana mofimu ileile ya mahali, ku-, nayo hutofautiana katika kimilikishi tu. Wanafunzi wengi huifundishwa tofauti hiyo kuwa ni ya idadi: kwake ni kwa mtu mmoja, kwao ni kwa watu wengi. Matumizi ya wenye lugha yanakataa kanuni hiyo. Tukisema "Fatuma amekwenda kwake", tunamaanisha nyumba anayokaa. Tukisema "Fatuma amekwenda kwao", Fatuma angali mmoja, lakini tunamaanisha mahali walipo wazazi na jamaa zake. Mwanamke aliyeachwa hurudi kwao. Akisemwa kuwa amerudi kwake, msikilizaji ataelewa habari nyingine kabisa. Hali kadhalika mtu mmoja aulizwapo atokako hujibu, "Kwetu ni Pate," wala hasemi "Kwangu ni Pate" ila kama anazungumzia nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Wingi ulio katika kwao, basi, hauhesabu wakazi wa nyumba. Unaonyesha kwamba mahali hapo pana wenyewe, na kwamba mtu huyu ni mmoja wao hata akiwa hayupo. Kwake ni mahali mtu anapopamiliki au anapokaa. Kwao ni mahali panapommiliki yeye. Beetson kwake kulikuwa Sydney, kwao kulikuwa Queensland. Sentensi hiyo fupi yaeleza kiini cha mashindano ambacho waandishi wa Kiingereza hukieleza kwa aya nzima.

Kwa sababu hiyo mwandishi haridhiki na tafsiri ya neno kwa neno iliyo nyepesi kumjia mtu, yaani "Jimbo la Asili". Asili hutazama nyuma, kwenye shina na kuzaliwa. Mashabiki hawabishani juu ya kuzaliwa peke yake. Mfano mashuhuri ni Greg Inglis, aliyezaliwa Kempsey katika New South Wales, lakini akaichezea Queensland kuanzia mwaka 2006 hadi 2018. Sheria za wakati ule zilitilia mkazo mahali mchezaji alipoanzia kucheza mpira wa watu wazima, na Inglis alikuwa amekwenda Brisbane angali kijana wa shule. Mwaka 2009 alipata nishani ya mchezaji bora wa mashindano. Watu wa New South Wales wamelalamika miaka yote kwamba walinyang'anywa mtoto wao. Watu wa Queensland hujibu kwamba mtoto ni wa waliomlea. Mwaka 2012 sheria zilikazwa, na miongoni mwa masharti ikawa kwamba mchezaji awe amezaliwa jimboni au amekaa humo kabla ya kutimiza miaka 13. Kwa maneno mengine, chama kilijaribu kulipa neno kwao tafsiri ya kisheria. Msomaji wa Kiswahili atatambua ugumu wa kazi hiyo, kwa kuwa kwao haithibitishwi na cheti tu. Huthibitishwa na watu wanaokubali kusema "mwenzetu".

Hapa yafaa tahadhari. Neno hili lina upande wake mchungu, nasi nchini Kenya tunaujua. Swali "Kwenu ni wapi?" laweza kuwa la ukarimu, nalo laweza kuwa la kumfukuza mtu mahali alipozaliwa watoto wake. Katika raga swali hilo laleta kelele za siku tatu. Kwingineko limeleta moto. Mwalimu anayefundisha sarufi ya kwao darasani hana budi kukumbuka kwamba anafundisha pia neno lenye uzito huo.

Bora na "wa" ya unganifu

Tangu mwaka 2004 mchezaji bora wa mfululizo hupewa nishani iitwayo kwa jina la Wally Lewis, nahodha mashuhuri wa Queensland katika miaka ya 1980. Mwaka 2018 New South Wales ilishinda mechi ya kwanza kwa 22 kwa 12 mjini Melbourne, na ya pili kwa 18 kwa 14 mjini Sydney. Mashindano yakawa yameamuliwa. Queensland iliambulia mechi ya tatu mjini Brisbane kwa 18 kwa 12. Nishani ikapewa Billy Slater wa Queensland, mlinzi wa nyuma kabisa, ambaye hakucheza mechi ya kwanza kwa sababu ya jeraha, na ambaye siku hiyo alikuwa akiliaga jezi la jimbo lake.

Mabishano yaliyofuata mwandishi hatayasahau. Upande mmoja ulisema kwamba aliyecheza mechi mbili kati ya tatu, tena katika timu iliyoshindwa, hawezi kuwa bora. Wengi walimtaja James Tedesco wa New South Wales, aliyecheza nafasi iyo hiyo katika mechi zote tatu. Upande wa pili ulisema kwamba katika mechi alizocheza Slater hapakuwa na mfano wake. Wa tatu, nao walikuwa wachache na wenye sauti ya chini, walikiri kwamba wateuzi labda walimpa mzee zawadi ya kumuaga.

Kwa jicho la mwanaisimu, watu hawa hawakuwa wakibishania mchezaji. Walikuwa wakibishania kiambishi. Katika fungu "mchezaji bora wa mfululizo", wa ya unganifu yaweza kufasiriwa kwa njia zaidi ya moja. Yaweza kumaanisha "katika mfululizo", na hapo mechi moja iliyo bora kupita zote yatosha. Yaweza kumaanisha "wa mfululizo mzima", na hapo asiyekuwapo siku ya kwanza ameanza kwa kupungukiwa. Yaweza pia kuonyesha milki: mchezaji ambaye mashindano yenyewe yanamdai kuwa wake, yule atakayekumbukwa kila mwaka huo utajwapo. Wateuzi hawakutamka ni maana gani waliyoikusudia. Kila shabiki akaichagua iliyompendeza.

Neno bora nalo laongeza utata. Vivumishi vya Kiswahili havina kiambishi cha kuonyesha kilele cha sifa kama walivyo nacho Waingereza. Tutakapo kulinganisha, hatuna budi kutumia kuliko, kupita au kushinda, na maneno hayo hudai kutajwa kwa anayelinganishwa. "Slater ni bora kuliko wote" humfanya msikilizaji aulize mara moja: wote wepi, na wapi? Lakini tunaposema "Mchezaji Bora wa Mwaka", kama wasemavyo watangazaji wetu kila siku, tumeichukua suna ya lugha nyingine ya kuficha mlinganisho ndani ya jina. Fungu hilo limekwisha kukubalika, wala mwandishi hapendekezi kulifuta. Anapendekeza tu kwamba anayelitumia aweze kulifumua na kuonyesha kuliko yake.

Nani hutuza?

Turejee kwenye methali. Hutuzwa ni kitenzi cha kutendwa kisichotaja mtenda, na kiambishi hu- hakifungamani na wakati wowote. Methali imeacha kusema nani hutuza kwa kuwa jibu limekwisha kutolewa na kwao: hutuza wenyewe wa mahali. Katika ngoma, anayetoka kumtuza mchezaji huinuka mwenyewe na kumpa fedha mbele ya watu. Hana kamati, wala haulizwi kipimo. Tuzo ya namna hiyo haidai kwamba mchezaji ni bora kuliko wote duniani. Yadai kwamba ni wetu na ametufurahisha.

Slater alilelewa Innisfail, kaskazini mwa Queensland, na maisha yake yote ya klabu katika ligi kuu aliyatumia Melbourne, mji ulio katika jimbo la tatu kabisa. Usiku ule alicheza kwao, akatuzwa. Kosa, kama lipo, halikuwa katika kumtuza. Lilikuwa katika kuichanganya tuzo ya ngoma na hukumu ya wateuzi, mambo mawili yenye vipimo tofauti, chini ya jina moja. Mashabiki wa New South Wales waliidai hukumu. Wale wa Queensland walikuwa wamekwisha kuinuka kutuza.

Hitimisho

Yapo mambo mawili yatokanayo na uchunguzi huu. Kwanza, vitabu vyetu vya sarufi vieleze wazi kwamba tofauti ya kwake na kwao si ya idadi peke yake, na kamusi ziyape matumizi hayo maelezo na mifano yake. Mwanafunzi mgeni asiyefundishwa hilo atakosea kila siku, na atakosea mahali panapoumiza. Pili, waandishi wa michezo, pamoja na sisi tunaokaa katika kamati za kutoa tuzo za uandishi na za wanafunzi, tutamke kabla ya kutuza kama tunatuza kazi moja, mwaka mzima, au mtu aliye wetu. Mwandishi amewahi kukaa katika kamati ambayo haikutamka, na aliyeshindwa hakusalimiana nasi kwa muhula mzima. Alikuwa na haki ya kuuliza kuliko nani, na hapakuwa na mmoja wetu aliyekuwa na jibu.